Mikono ya Sista

Nilisema "Inatosha" mara tatu, asubuhi kweupe, katikati ya soko la mifugo la Garissa. Waliniomba niseme, nikasema. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mwenyekiti wa soko, na neno langu ndilo lililoamua ngamia wasimame wapi na mbuzi wapite lango gani. Ningesema "mwacheni aendelee," wangemwacha. Niliyemwambia inatosha alikuwa mwanamke mmoja muuguzi, na aliyelala chini ya mikono yake, kifua wazi kwenye vumbi, alikuwa ndugu yangu mdogo.

Siku hiyo nitaifikia. Kwanza nataka mumjue huyo mwanamke, kwa sababu wengi hapa kwetu wanamjua kwa video tu, na ile video inaanzia katikati.

Tulimwita Sista. Jina lake lilikuwepo kwenye kitambulisho, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Wazee wenye ndevu nyekundu za hina, ambao hawakuwasalimia hata wake zao barabarani, walimwita Sista. Kazi yake ilikuwa kwenye zahanati ndogo iliyokuwa karibu na soko letu, na hata baada ya kustaafu aliendelea kupita kila asubuhi, amevaa jilbabu ya kijivu na viatu vya ngozi vya kiume, akitembea kama mtu aliyechelewa. Hakuwa amechelewa. Ndivyo alivyotembea hata akienda kununua maziwa.

Neno lake kuu lilikuwa "Rudia." Hakumpa mtu dawa bila kumrudisha kwenye maneno mara tatu. Namkumbuka mfugaji mmoja mzee aliyekuja kutoka Hadado, amekaa kwenye benchi na fimbo yake katikati ya magoti.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," Sista akasema. "Rudia."

"Mimi si mtoto wa duksi wa kurudishwa-rudishwa."

"Mtoto wa duksi hurudia, akahifadhi Kurani. Wewe mwezi uliopita ulihifadhi nini? Dawa ya kifua ulimpa mbuzi."

"Wallahi yule mbuzi alipona!"

"Na wewe bado unakohoa. Rudia."

Akarudia mara tatu, benchi zima likicheka, na alipotoka Sista alimshika mkono akamwandikia kwa kalamu kwenye kiganja: jua moja likichomoza, jua moja likizama. Alichora vibaya sana. Ukiona mzee ameshika kiganja chake wazi sokoni, asitake kukilowesha, ulijua ametoka kwa Sista.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa na mpango. Alimfokea mama aliyempa mtoto chai badala ya maziwa, kisha yeye mwenyewe, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, akakaa nje ya zahanati na kikombe cha chai nyeusi na kutia vijiko vinne. Nilimuuliza mara moja. Akanitazama juu ya kikombe. "Mimi na hii sukari tunajuana," akasema. "Wewe nayo hamjajuana, usijaribu." Aliogopa kuku. Mwanamke aliyeshona kichwa cha kijana aliyepigwa rungu, mkono hautetemeki, akiona jogoo mlangoni alipanda juu ya kiti.

Na hakwenda matangani. Hilo liliwaudhi watu. Mtu akifa katika bula, yaani mtaa wetu, wanawake wote huenda, yeye hakwenda. "Kazi yangu inaishia mlangoni," alisema. "Nikishindwa, sitaki kula pilau ya kushindwa kwangu." Wengine walisema hana imani. Mimi nilikaa naye miaka mingi sokoni na sikuwahi kumwona akikosa sala. Alikuwa akisali haraka kidogo, hilo ni kweli, kama alivyotembea.

Jambo lililomfanya ajulikane hadi mbali, hata madereva wa malori ya Takaba walimuulizia, lilikuwa lile gunia. Alijaza gunia la unga kwa matambara, akalichorea macho na mdomo, na mahali pa kifua akaweka chupa tupu ya plastiki, ile kubwa ya soda. Ukibonyeza kifua sawasawa, chupa inalia: kwach. Ukibonyeza kwa woga, hailii. Alilibeba gunia hilo begani kutoka madrasa ya wanawake hadi stendi ya tuktuk hadi kwetu sokoni, akifundisha namna ya kumfanyia mtu aliyeanguka na moyo ukasimama.

Alianza kwa kusema tumpige mtu mabegani na kumwita kwa sauti. Asipoitika, tutazame kifua. Kisha akalala chini mwenyewe, kwenye mkeka, akafanya sauti ambayo sitaisahau: mkoromo mmoja mzito, mdomo wazi, kisha kimya, kisha mkoromo mwingine. Wafugaji walicheka.

"Chekeni," akasema akiinuka na kujifuta vumbi. "Hii sauti mnaijua. Mkiisikia mnasema nini?"

"Sakarati," mtu mmoja akajibu. Ndiyo, hivyo ndivyo tunavyosema: roho inatoka. Nasi tunajua la kufanya roho inapotoka. Tunamlaza mtu ubavu wa kulia, tunamwelekeza kibla, tunamtia maji kidogo mdomoni, tunamsomea, tunamkumbusha shahada. Ni jambo jema na mimi nataka nifanyiwe hivyo siku yangu.

"Mtu mzee aliyeugua mwaka mzima, sawa," Sista akasema. "Lakini mtu aliyekuwa amesimama hapa akipiga kelele za bei, akaanguka ghafla, akakoroma hivi, huyo moyo wake umesimama sasa hivi na bado unaweza kurudishwa. Kukoroma si kupumua. Rudieni."

"Kukoroma si kupumua."

"Na msinizuie kwa Kurani. Mungu haudhiwi na mikono yangu. Nyinyi someni, mimi nibonyeze. Rudieni."

Nilikuwa safu ya mbele. Nilirudia pamoja na wengine, mara tatu.

Kisha akatupigisha magoti mmoja mmoja. Kisigino cha mkono katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, bonyeza kwa nguvu na kwa haraka, achia kifua kiinuke, bonyeza tena. Mimi nilipobonyeza chupa haikulia. "Mwenyekiti, unamwonea huruma?" akaniuliza. "Huyu ameshakufa. Utamuumizaje zaidi? Ukisikia ubavu umelia, endelea. Ubavu huunga."

Aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa ndugu yangu. Alikuwa dalali wa ngamia, mtu mkubwa mwenye kicheko cha kusikika lango la pili. Alipiga magoti mbele ya gunia akaanza kuimba ule wimbo wanaouimba vijana kisimani wakipokezana ndoo kunywesha ngamia, na chupa ikalia sawasawa na wimbo. Soko zima lilikusanyika.

"Huo wimbo ni wa ngamia walioshiba," Sista akamwambia. "Imba kama wana kiu ya siku kumi."

Akaongeza mwendo, jasho likimtoka. Alipochoka, Sista akamgusa bega. "Kisimani ukichoka unafanya nini?"

"Napokezana na mwenzangu."

"Haya. Hapa vilevile. Mmoja akichoka mwingine anapiga magoti, mpaka ambulensi ifike. Hakuna kuacha kisima." Kisha akawaambia watu, akimwonyesha ndugu yangu kwa kidole: "Siku nikianguka mimi, nitafutieni huyu. Nyinyi wengine mtanisindikiza kaburini kwa adabu."

Binti wa ndugu yangu alikuwa amesimama nyuma yake akishika mkeka wa mazoezi. Huyo ndiye mtoto pekee katika nyumba yetu, maana mimi Mungu hakunipa. Alikuwa akisoma chuo kikuu hapahapa Garissa, na siku zisizo na masomo alifuatana na Sista na gunia lake. Aliniita adeer, kama tunavyomwita kaka wa baba, na alikuwa na namna yake ya kulivuta neno hilo akitaka kitu: adeeeer. Nilimfundisha kutembea, kwa maana halisi, nikimshika vidole viwili uani kwangu mama yake alipokuwa mgonjwa.

Sasa ile siku.

Madalali wetu hupatana bei kimya. Wawili hushikana mikono chini ya shali na kubonyezana vidole, ili wa tatu asijue. Ndugu yangu alikuwa hivyo na mnunuzi mmoja wakati alipoanguka. Mnunuzi alieleza baadaye kwamba alihisi mkono umebana kwa nguvu sana, akadhani bei imekubaliwa, akatabasamu. Kisha ule mwili mkubwa ukamlemea.

Sista alikuwa akipita na kidumu chake cha maziwa. Sikumwona akikimbia, nilimwona tu yuko pale, amepiga magoti, anampiga mabegani. "Warya! Unanisikia?" Akatazama kifua. Akanyoosha kidole kwa mtu mmoja mwenye kofia. "Wewe. Piga simu ya ambulensi. Sema soko la mifugo, lango la ngamia, mtu amesimama moyo, waje na mashine ya kushtua. Rudia." Yule akarudia mara moja tu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Sista hakusubiri nyingine. Alikuwa ameshapasua shati.

Alianza kubonyeza. Alihesabu kwa sauti hadi thelathini, akaanza tena. Mwili wa ndugu yangu ulikuwa ukitikisika mpaka miguuni, na mimi nilikuwa nimefika, nimesimama juu yao na fimbo yangu ya uenyekiti. Watu walijaa. Jilbabu ya Sista ilikuwa imeteleza nyuma, mvi zake zikaonekana. Kisha ubavu ukalia, na sote tuliusikia.

"Anamvunja!" Huyo alikuwa shemeji wa ndugu yangu, kaka wa mke wake. "Mwenyekiti, unatazama tu? Ndugu yako yuko uchi mbele ya soko, mwanamke anamponda kama mtama!"

Ndugu yangu akakoroma. Mkoromo mmoja, kimya, kisha mwingine.

"Sakarati!" wakasema. "Roho inatoka. Mwambie aache, mzee. Aelekezwe kibla. Asife hivi."

Sista hakugeuza kichwa. "Someni, mimi nabonyeza," akasema, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Mwenyekiti, nimechoka. Wewe ulifundishwa. Piga magoti upande ule, upokee."

Nataka niandike hapa ukweli bila kuupamba. Sikusahau mafunzo. Maneno yalikuwa kichwani mwangu, safi kabisa, kukoroma si kupumua, kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimevaa nguo nyeupe za mkutano, na watu wote walinitazama mimi badala ya kumtazama ndugu yangu, na niliona haya. Niliona haya kupiga magoti kwenye vumbi mkabala na mwanamke, mikono yetu ikipokezana juu ya kifua kitupu, na chupa isilie. Hilo tu.

"Sista," nikasema, "inatosha."

Aliendelea kubonyeza. Akaniinulia macho. "Rudia," akasema.

"Inatosha."

"Rudia, Mwenyekiti. Wasikie wote ni nani amesema."

"Inatosha, wallahi inatosha."

Akaondoa mikono. Akakaa juu ya visigino vyake, viganja vimeelekea juu mapajani kama mtu aliyemaliza dua. Tukamlaza ndugu yangu ubavu wa kulia, tukamwelekeza kibla. Nikamtia maji mdomoni kwa kidole changu. Alikoroma mara nne nyingine, au tano. Baada ya hapo hapakuwa na kitu ila sauti za watu wakisoma, na mbuzi.

Ambulensi ilifika tukiwa bado katikati ya Yasin. Kijana wa ambulensi aliruka na mashine yake, akabandika waya zake, akatazama kioo kidogo. Kisha akauliza kwa upole, kwa Kiswahili cha bara: "Nani alikuwa anabonyeza kifua? Mliacha saa ngapi?"

Tuliendelea kusoma. Sista alijua hadi dakika yenyewe. Aliokota kidumu chake cha maziwa akaondoka, na sikuwahi kumwona akitembea polepole kabla ya siku ile.

Kijana mmoja wa duka la simu alikuwa ameanza kurekodi watu walipojaa. Video ilizunguka mji mzima kabla ya mazishi. "Cheki vile mathe amemkalia msee," waliandika chini yake. Walimtukana kwa mvi zake, kwa jilbabu iliyoteleza, kwa ubavu uliolia. Wanawake wa madrasa waliambiwa wasije tena kwa mafunzo. Nilikuwa mwenyekiti bado. Ningesimama siku moja tu baada ya sala ya Ijumaa nikasema: huyu mama alikuwa akimwokoa ndugu yangu na mimi ndiye niliyemzuia. Nilipokea mikono ya rambirambi. Nilikaa kimya wiki ya kwanza kwa huzuni, na wiki zilizofuata kwa sababu wiki ya kwanza nilikaa kimya.

Hakuja matangani. Safari hii nilielewa.

Binti wa ndugu yangu hakuitazama video kwa miezi. Alipoitazama, hakumtazama Sista kama wengine. Alisikiliza sauti. Alikuja kwangu mchana, akakaa mkekani, akaweka simu katikati yetu akaiwasha video. Inatosha. Inatosha. Inatosha, wallahi inatosha.

"Hii ni sauti ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kumwambia ilikuwa siku ya baba yako, mwisho wa kila mtu umeandikwa. Ni kweli na ninaamini hivyo. Lakini siku ya mtu imeandikwa na mkono wa Mungu, na ile sauti ya kwenye simu ilikuwa yangu.

"Nilikuwa najua," nikasema.

Akachukua simu yake akaenda.

Niliuacha uenyekiti. Watu walidhani ni umri. Sokoni siwezi kukaa tena, kwa sababu soko letu limejaa chupa tupu za maji, na watu wanazikanyaga. Kila mara: kwach. Najikuta nimeanza kuhesabu. Nahesabu hadi thelathini, naanza tena, hadi mtu aniguse bega aniulize kama niko mzima. Ndugu yangu simwoni ndotoni. Ninachokiona, nikiwa macho kabisa, nikinywa chai, ni viganja vya Sista vimeelekea juu.

Mwaka huu nikasikia amekatwa mguu. Ile sukari aliyojuana nayo. Nilikwenda kwake baada ya sala ya adhuhuri, na maziwa ya ngamia, nyumba ya mabati nyuma ya soko. Alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, macho yamefifia. Gunia lilikuwa pembeni ya ukuta, mdomo uliochorwa umefutika.

"Nani?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti yupo mwingine siku hizi. Wewe nani?"

"Kaka wa yule dalali."

"Haye. Huyo namjua. Kaa. Kuku wa jirani wako nje?"

"Hawapo."

"Funga mlango hata hivyo."

Nikafunga. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwa siku ile na kwa kukaa kimya baadaye.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Mara ya tatu sikuweza kumaliza.

"Upande wangu nimesamehe," akasema. "Mimi walinitukana tu, nimetukanwa na wagonjwa tangu nikiwa msichana. Upande wa yule sina mamlaka."

"Sista, angepona?"

"Sijui."

"Niambie ukweli."

"Ndiyo ukweli. Wengine hurudi, wengine hawarudi, hata ukibonyeza vizuri. Ningekuwa najua kwamba asingerudi ningekwambia siku ileile, ulale. Na ningejua angerudi…" Akanyoosha kidole ukutani. "Wewe ulitunyima kujua. Leta gunia."

Nikalileta katikati ya chumba. Sikuuliza. Nilipiga magoti, magoti yangu ya uzee yakilalamika, nikaweka kisigino cha mkono, nikanyoosha viwiko. Nikabonyeza kwa uzito wangu wote.

Kwach.

"Hiyo," akasema Sista. "Ungeweza. Haya, haraka. Ngamia wana kiu."

Nilibonyeza, yeye akihesabu. Nilifika thelathini, nikafika tena thelathini. Jasho liliniingia machoni, na nilipopunguza alisema, "Usiache. Ambulensi haijafika." Sijui nilibonyeza muda gani. Nilikuwa nimeanza kuona nyota nilipohisi mlango umefunguka na mtu amepiga magoti upande wa pili wa gunia. Alikuwa binti wa ndugu yangu. Nilikuja kujua baadaye kwamba kila siku humletea Sista chakula, na kwamba mafunzo ya madrasa ameyaanzisha upya yeye.

Aliweka mikono yake tayari, pembeni ya yangu, kama tulivyofundishwa, ili pasiwe na pengo.

"Nipishe, mzee," akasema.

Nikampisha. Akabonyeza vizuri, vizuri sana, kama baba yake. Nilikaa juu ya visigino vyangu nikimtazama na kungoja kama ataongeza neno. Hakuongeza. Hajaniita adeer tangu siku ile ya mkekani, na mzee ni neno ambalo mtu humwita yeyote aliyemkuta njiani.

Nilimzuia Sista kwa sababu niliona haya mbele za watu. Ilinigharimu ndugu yangu, na ilinigharimu mtoto wake.